Mkono Uliohama

Comayagüela, 9 Machi 2009

Ermelinda,

Usiichane kwanza. Najua mwandiko umeutambua tangu kwenye bahasha, na najua miaka kumi si juzi. Sikuandikii kukuomba kitu. Jana hospitalini walinipa fomu, na kwenye fomu kulikuwa na mstari wa ndugu wa karibu wa kujulishwa likitokea la kutokea. Niliukodolea macho mstari ule mpaka muuguzi akaniuliza kama najua kuandika. Mama yangu hayupo. Mdogo wangu Toño yuko Marekani, na hata yeye sidhani kama anajua yuko mji gani. Nikaandika jina lako. Kwenye karatasi wewe bado ni mke wangu. Basi nikaona si haki mtu wa hospitali awe wa kwanza kukuambia. Bora uyasikie kwangu.

Nina uvimbe kichwani. Ulijulikana hivi: nilikuwa juu ya ngazi nachora nguruwe kwenye ukuta wa bucha ya Don Prudencio, nguruwe mwenye kofia anayecheka. Wenye bucha wote wanataka nguruwe anayecheka, sijui wanadhani anachekea nini. Nilikuwa nimefika sikio la pili. Brashi ikaniponyoka. Nikautazama mkono wangu, nikaona unajifungua na kujifumba wenyewe, kama wa mtu mwingine. Mdomo nao ukaenda upande. Nilipozinduka nilikuwa chini, Don Prudencio ananimwagia maji huku akilalamika kwamba nguruwe wake ana sikio moja.

Sikuumia sana. Ila kifafa mtu wa miaka hamsini na moja hakimwanzi bure, ndivyo alivyosema daktari, wakanipiga picha ya kichwa. Wananipasua mwezi wa Mei. Daktari anaitwa Raudales, mwanamke, mdogo kuliko wewe, na anasema atanifungua kichwa nikiwa macho kabisa, nazungumza.

Ndiyo hayo tu. Nimeweka namba ya simu ya hapa ninapopanga, ukitaka.

Wenceslao


San Gaspar Mpya, 22 Machi 2009

Wenceslao,

Barua imefika. Nimeisoma mara moja, imetosha.

Wakinijulisha nitajua. Usinipigie simu, na usimpe mtu namba ya duka la jirani yangu Chema akanitafuta huko mbele za watu. Sauti yako siiwezi. Ukiwa na neno, liandike.

Mama alifariki mwaka 2004, kama hukusikia. Aliugua siku nne tu. Mimi bado naoka rosquilla, zile pete za mahindi na jibini, oveni ninayo yangu mwenyewe sasa, na siku za soko natoka na makapu matatu. Hizi nyumba za serikali zinavuja, lakini ziko juu kilimani. Mtu hulala akijua maji hayatamfikia.

Hukusema ni mkono upi.

Ermelinda Galo


Comayagüela, 2 Aprili 2009

Ermelinda,

Wa kulia.

Pole kwa Mama yako. Alinipenda kuliko nilivyostahili, na alipoacha kunipenda alikuwa na haki.

Daktari Raudales alinionyesha picha. Ubongo kwenye picha ni wa kijivu, na upande wa kushoto kuna doa jeupe kama ukungu wa asubuhi, kubwa kama limau. Akaniambia, "Don Wenceslao, hapa ndipo inapotoka amri ya mkono wako wa kulia. Kwa mujibu wa vitabu, huu mkono ungekuwa umekufa siku nyingi. Mimi nakuona unanichorea ua kwenye karatasi yangu ya dawa."

Nikamwambia mazoea.

"Si mazoea," akasema. "Uvimbe huu unakua taratibu sana. Ukikua taratibu, ubongo unapata nafasi ya kujihamisha. Kila mwaka unachukua kakazi kidogo kutoka hapa unakasogeza pembeni, mpaka mgonjwa mwenyewe hajui. Wako umeshaanza kuhama. Nisichojua ni umehama kiasi gani, ndiyo maana nakutaka uwe macho."

Halafu akauliza mkono ulianza lini kuangusha vitu. Nikasema miaka miwili.

Kuna kitu sikumwambia, na sijui kwa nini nakuambia wewe. Kabla kifafa hakijaja, kama nusu dakika hivi, nahisi nimeshikwa. Hapa, mkono wa kulia. Kimkono kidogo, cha baridi, kinanishika vidole viwili, hiki cha shahada na cha kati, kwa sababu kiganja kizima hakikienei. Ukijua nani alikuwa ananishika hivyo, basi umeshajua.

Kinanishika, kinabana, halafu kinatoka. Halafu naanguka.

W.


San Gaspar Mpya, 19 Aprili 2009

Usiniandikie tena habari za mtoto wangu. Andika habari za kichwa chako.

E. G.


Comayagüela, 30 Mei 2009

Ermelinda,

Niwie radhi kwa mwandiko. Barua hii ina siku tatu mezani, naandika mistari minne mkono unachoka, naulaza juu ya meza kama mgonjwa mwingine.

Walinipasua tarehe kumi na nne. Kichwa hakiumi kikifunguliwa, hilo lilinishangaza, ngozi tu ndiyo waliyoitia ganzi. Nilikuwa nimelala ubavu chini ya kitambaa cha bluu, na mbele yangu ameketi binti mmoja anaitwa Iris. Kazi yake ilikuwa kunitazama na kuniamrisha: fumba, fumbua, fumba, hii ni picha ya nini? Nasema, punda. Hii? Ufagio. Nyuma yangu Daktari Raudales anagusa ubongo wangu kwa kijiwaya chenye umeme kidogo kuliko betri ya redio. Akigusa mahali pasipo na kazi, hakuna kinachotokea, anakata. Akigusa mahali penye kazi, kitu kinatokea, anaweka karatasi ndogo yenye namba, hapagusi tena.

Alikuwa ameshakata karibu nusu. Iris akaniambia fumba ngumi. Nikafumba. Na nikiwa nimefumba kwa nguvu zangu zote, mkono ukafunguka.

Daktari akauliza nyuma yangu, "Ni wewe au ni mimi?"

Nikasema, "Ni wewe."

Akagusa tena. Ukafunguka tena. Na kimkono kile kikaja, Ermelinda, kikanishika vidole viwili, nikaanza kulia mbele ya yule binti wa watu. Wakadhani naumwa. Daktari akasema basi, tunafunga. Baadaye wodini alinieleza: "Ile nusu iliyobaki ina mkono wako ndani yake. Nikiikata, naukata mkono. Nimeiacha. Tutakupa dawa na mazoezi, na tutasubiri miaka mitatu, minne, pengine mitano. Ubongo wako unajua kuhama. Tukirudi huenda tukakuta mkono umeshatoka, nyumba iko wazi."

Nikamuuliza uvimbe huu una umri gani. Akasema hakuna anayejua, lakini kwa unavyokwenda, miaka kumi, kumi na mbili, hata kumi na tano.

Sasa hesabu mwenyewe.

Siku ya tufani nilikuambia gogo lilipita likampokonya mtoto wetu. Wewe, Mama yako, padri, watu wa Msalaba Mwekundu, wote niliwaambia gogo. Gogo lilipita kweli. Lilinigonga ubavuni, akaniteleza kutoka kiunoni, nikamdaka mkono. Mkono wa kushoto nilikuwa nimeshika kamba iliyofungwa kwenye mnara wa kanisa, wa kulia nimemshika yeye. Nilimshika vizuri. Maji yalikuwa yanafika hapa kifuani, saa nne asubuhi, mwanga wa kutosha, nilimwona uso. Tulikaa hivyo kwa muda wa mtu kusali nusu ya Baba Yetu. Halafu mkono ukafunguka.

Haukuchoka. Mkono uliochoka naujua. Huu ulifunguka.

Kwa miaka kumi na nusu nimejiuliza swali lile lile alilouliza daktari. Nimekuwa najijibu kwamba ni mimi, kwamba aliponivuta kuelekea mtoni niliogopa kufa, na mwili wangu ukamwachia ili niishi. Sasa naambiwa pengine si mimi. Lakini nitajuaje? Kwa hiyo nakuuliza, na ni wewe peke yako duniani unayeweza kujibu: kabla ya tufani, uliwahi kuuona mkono huu ukikosea? Kuangusha kitu, kufa ganzi, chochote? Mimi sikumbuki. Nimetafuta sana, sikumbuki.

Wenceslao


San Gaspar Mpya, 11 Juni 2009

Wenceslao,

Kumbe si gogo lililomchukua.

Kumbe wakati nawalipa watu wachimbe changarawe chini ya daraja wamtafute, wewe umekaa pembeni na blanketi la msaada begani unajua kwamba ulimshika na kumwachia. Kumbe nililala kitanda kimoja na wewe miezi mitano mingine baada ya hapo. Nashukuru kwa taarifa.

Na sasa umepata ugonjwa wa kuubebesha. Hongera. Wengine wakitaka kujisamehe wanakwenda kwa padri, wewe umekwenda kupigwa picha. Unataka nikutilie sahihi kwamba ndiyo, maskini, mkono wake ulikuwa mgonjwa?

Sikuona kitu. Mkono wako ulikuwa mzima kama wangu. Usiniulize tena.

Nohemí alikuwa na miaka saba. Angekuwa anatimiza kumi na minane mwaka huu, tungekuwa tunagombana habari za wavulana.

Usiandike.

Ermelinda Galo


Comayagüela, 20 Desemba 2009

Ermelinda,

Najua ulisema. Usijibu.

Mkono umerudi kazini. Ila umekuja na mwenzake: nikichora kwa kulia, wa kushoto nao unachora, hewani, hauna brashi wala aibu. Daktari anasema ni dalili njema, upande wa pili wa ubongo umekuja kusaidia na bado haujajua mipaka yake. Watoto wa shule wanasimama kuniangalia. Doña Tencha, mwenye nyumba wangu, alipita akaniuliza, "Don Lao, leo unaongoza bendi gani?"

Nilifikiri utacheka. Zamani ulikuwa mwepesi kucheka.

W.


Comayagüela, 7 Agosti 2011

Ermelinda,

Wa kushoto umetulia. Sasa nafumba, nafumbua, nafunga vifungo vya shati, napitisha uzi kwenye sindano. Hospitalini wananiita niwaonyeshe wanafunzi. Wananitazama mkono, kisha wanatazama picha, kisha mkono. Kwenye picha uvimbe uko pale pale.

Na vidonge vya kifafa vinafanya kazi, silalamiki. Miezi inapita sianguki. Lakini nisipoanguka, naye haji. Nitakuambia jambo ambalo Daktari Raudales akilijua atanifukuza: kuna siku naruka vidonge makusudi. Naviacha siku mbili, naketi sakafuni ili nisianguke kutoka juu, naweka mto nyuma ya kichwa, nangoja.

Mara nyingine anakuja.

W.


Comayagüela, 15 Oktoba 2013

Ermelinda,

Hii ni ya mwisho, na si kwa hasira.

Uvimbe umeamka. Miaka minne ulikaa kama jiwe, sasa umeanza kukua mbio, na una rangi ambayo daktari haipendi. Wiki iliyopita waliniweka kwenye ile mashine inayoonyesha ubongo ukifanya kazi, wakanitaka nifumbe na kufumbua. Daktari akanionyesha kwenye kompyuta. Pale kwenye uvimbe hapakuwaka kitu. Paliwaka nyuma yake, na mbele kidogo, na upande wa pili.

"Umehama, Don Wenceslao," akaniambia, na nakuapia alikuwa na machozi. "Mkono wako wote umehama. Naweza kuingia nikatoa kila kitu, na kesho yake ukachora. Tukichelewa, uvimbe utaufuata huko ulikokimbilia."

Nikamuuliza: na hicho kinachonishika kabla ya kifafa, kiko wapi?

Hakunielewa kwanza. Nilipomweleza, akasema ni uvimbe unauchokoza ubongo pale pembeni, sehemu ya kuhisi. Akiutoa, na hicho kitaisha.

Nikamwambia basi asiutoe.

Alinigombeza kwa muda wa saa nzima. Doña Tencha amenigombeza tangu Jumatatu. Mimi nimekwisha amua. Mto haukuturudishia hata kiatu, Ermelinda. Hatuna kaburi. Mahali pekee alipobaki ni hapa ndani, padogo kama limau, na wanataka kukata hapo wapatupe kwenye ndoo. Nilishamwachia mara moja. Safari hii nitakwenda naye.

Oveni yako iendelee kuwaka.

Wenceslao


San Gaspar Mpya, 3 Novemba 2013

Lao,

Jana ilikuwa siku ya marehemu. Watu wote walishuka makaburini na maua, mimi kama kawaida nikaenda pale changarawe ilipo, nikasimama kama mjinga. Nilikuwa na barua yako mfukoni. Nimerudi, nimezima oveni, unga nimeuacha umekaa, na sitainuka hapa mpaka nimalize, kwa sababu nikiinuka sitarudi.

Nilikudanganya. Niliona.

Ilianza mwaka mmoja kabla ya tufani. Uliangusha kikombe asubuhi, ukacheka. Ukaangusha tena. Siku moja ulikuwa unanyoa, wembe ukaanguka, ukasimama unautazama mkono kwenye kioo, halafu ukausugua kwenye suruali na kuendelea, na jioni nilipokuuliza hukukumbuka kama lilitokea. Nilidhani unakunywa kwa siri kama baba yako. Nilikuwa nanusa mashati yako. Sikukuambia kitu kwa sababu nilitaka nikukamate.

Naye aliona. Mtoto anaona zaidi ya mtu mzima kwa kuwa uso wake uko usawa wa mikono yetu. Ulipokuwa unampeleka shule ulikuwa unamwachia katikati ya barabara bila kujua, mara mbili, mara tatu. Alikuja akaniambia, "Mama, mkono wa baba huwa unalala." Nikamwambia, na wewe tembea vizuri.

Sasa sikiliza, na usinisamehe haraka.

Siku ile, maji yalipoingia mlangoni, ulikwenda kufunga kamba. Chema alikuwa amekuja na kiti tumbebee Mama. Nohemí akanishika gauni. Akasema, "Mimi naenda na wewe." Nikamwambia, nenda na baba, mimi nina bibi. Akasema, "Sitaki na baba. Mkono wake unalala." Alisema hivyo, Lao, maneno hayo hayo, na alikuwa analia. Na mimi nilikuwa na Mama anapiga kelele na maji magotini, nikambandua vidole kwenye gauni langu, kimoja kimoja, nikamkemea kwamba ananichelewesha. Nikamkabidhi kwako. Nikamweka upande wa kulia, kwa sababu kushoto ulikuwa na kamba.

Nilijua. Sikujua kwamba ni ugonjwa, lakini nilijua kwamba ni mkono wa kutoaminika, na niliambiwa na mtoto mwenyewe.

Uliponiuliza mwaka ule kama niliona, ungeweza kunichoma kisu ikawa afadhali. Kama ni gogo, basi ni Mungu. Kama ni wewe, basi ni wewe. Kama ni mkono mgonjwa, basi ni mimi. Nilichagua iwe wewe. Kwa miaka hii minne nimekuachia ubebe mzigo huo.

Sasa jibu lako ndilo hilo: hukumwachia. Mkono ulifunguka.

Na jambo la pili, ambalo litakuuma, lakini lazima niliseme kwa kuwa unataka kufa kwa ajili yake. Huyo anayekushika si Nohemí. Mwaka ule wa mwisho Nohemí hakuwa anakushika vidole viwili. Ulikuwa unamshika wewe, yeye akishika mkanda wako, au mfuko wa suruali, kitu ambacho hakifunguki. Huo mkono alikuwa anauogopa. Hawezi kuwa amekaa humo.

Nenda kwa huyo daktari. Niambie tarehe.

Erme


Comayagüela, 14 Machi 2014

Erme,

Nilitaka kukuambia haya ulipokuwa hapa, lakini ulikaa siku tatu kwenye kile kiti ukazungumza na wagonjwa wote wa wodi isipokuwa mimi. Kwangu ulisema, "Kula supu." Nilikula.

Kwanza ya mkono. Unaona mwandiko. Wiki ya tatu leo tangu wanipasue, na jana nimeandika jina la duka la dawa kwa rangi mbili bila kutetemeka. Daktari anasema ametoa chote kinachoonekana. Hakuniahidi kitu, tutapiga picha kila miezi minne. Kiganja kimebaki na ganzi: nikishika kikombe sijui kama ni cha moto mpaka nione mvuke. Mkono unafanya kila kitu na hauhisi kitu. Anashangaa, hakutegemea ganzi hiyo. Mimi najua imetoka wapi, na sijamwambia.

Ilikuwa hivi. Iris yule yule, fumba, fumbua, punda, ufagio. Daktari anagusa, mkono hautikisiki, anakata. Anagusa, hautikisiki, anakata. Kweli ulikuwa umehama. Nilisikia ananong'ona nyuma yangu kama mtu anayetembea kwenye nyumba ya wenyewe. Tukaenda hivyo mpaka karibu na mwisho. Kisha akasema, "Hapa ni ukingoni, Don Wenceslao. Kinachosogea nakiona mwenyewe. Kinachohisiwa unakijua wewe. Ukihisi chochote mkononi niambie, nitakomea hapo."

Akagusa.

Akaja, Erme. Si kwa nusu dakika kama siku zote. Alikaa. Vidole viwili, baridi ile ile. Uliniandikia kuwa si yeye, na nilikuamini, nilikuja hospitali kwa sababu nilikuamini. Lakini uliyeandika hukuwepo chini ya kitambaa kile. Sijui alikuwa nani. Najua nilimjua.

"Unahisi kitu?" daktari akauliza.

Iris alikuwa ananitazama usoni. Nilikuwa nimefumba ngumi, nguvu ninazo, hakuna aliyekuwa akiufungua mkono wangu, wala umeme, wala uvimbe, wala maji. Ulikuwa mzima, wangu mwenyewe, unanitii. Nikaufumbua.

Nikasema, "Hapana, Daktari. Hakuna kitu. Endelea."

Mara ile ya kwanza sikuwa mimi, umeniambia, na nimekubali. Safari hii nilimwachia mimi. Nilitaka ujue kutoka kwangu.

Lao


San Gaspar Mpya, 2 Aprili 2014

Lao,

Nimeisoma mara nyingi.

Nikaanza kutafuta saa ile nilikuwa wapi. Ulisema karibu na mwisho, kwa hiyo ni saa tano hivi. Saa tano nilikuwa ghorofa ya chini kwenye foleni ya choo, nagombana na mwanamke mmoja wa Olancho mwenye kapu la kuku aliyedai kwamba alikuwepo mbele yangu. Nilimwambia maneno mabaya. Watu walicheka, na mimi nilicheka.

Sikusikia kitu. Nimejilazimisha kukumbuka kama palipita upepo, kama nilisisimkwa, kama nilivutwa gauni. Hapana. Miaka kumi na mitano nimemtegea sikio, nikisikia mlango nainuka, nikisikia mtoto wa jirani anaita mama nageuka na mikono yenye unga. Na siku anapita kwa mara ya mwisho mimi nagombea choo na mwanamke mwenye kuku, na ninacheka.

Chema ameniuliza kama sasa nitakuruhusu kupiga simu dukani. Nimemwambia ndiyo. Piga Jumamosi, mchana, kabla hawajafunga. Sijui nitasema nini. Pengine sitasema kitu, nitashika tu simu. Usikate.

Erme